Mafuta ya mimea: tuanzie kwenye injini, si kwenye shamba

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mjini, tangazo hilo huzungumzwa kwa habari ya nauli za daladala. Vijijini, kwenye vitongoji ambavyo nguzo za umeme hazijafika, huzungumzwa mlangoni mwa mashine ya kusaga, kwa sababu huko bei ya kusaga debe la mahindi hufuata bei ya lita ya dizeli.

Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, bei ya dizeli nchini ilivuka Sh3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutenga ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi wa Juni ili kupunguza makali. Mwenye mashine ya kusaga katika hali kama hiyo ana njia mbili tu: kupandisha bei ya debe, au kufunga. Akifunga, mama wa kijiji hubeba debe lake kichwani hadi kijiji cha pili, au hurudi kwenye kinu na mchi.

Na kila bei inapopanda, swali lile lile la zamani hurudi: hizi injini zetu ndogo haziwezi kutumia mafuta tunayoyaotesha wenyewe?

Jibu letu ni kwamba zinaweza, lakini kwa masharti ambayo wengi waliotuhubiria habari hiyo miaka ya 2000 hawakuyasema. Tunaona ni vyema masharti hayo yaelezwe wazi, kwa kuwa anayeyapuuza hapati hasara ya karatasi. Anaua injini iliyomgharimu akiba ya miaka mingi.

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya petroli ina plagi inayotoa cheche. Injini ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa tupu, kisha pistoni inaigandamiza hewa hiyo hadi nafasi iliyobaki ni sehemu moja tu kati ya 16 au 20. Hewa iliyogandamizwa kwa nguvu kiasi hicho hupata joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hunyunyiza mafuta kama ukungu, nayo huwaka yenyewe kwa joto la hewa.

Ndiyo maana injini ya dizeli haichagui sana jina la mafuta. Inachohitaji ni kitu kinachoweza kunyunyizwa vizuri na kuwaka upesi ndani ya hewa ya moto. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo iliyoundwa kwa ugunduzi wa Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel mwenyewe baadaye aliandika kuhusu uwezekano wa mafuta ya mimea kusaidia nchi za makoloni. Kwa hiyo habari hii ina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Tatizo liko kwenye kunyunyiza. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, mawese, karanga au mbono kaburi ambao wengi huuita jatrofa, ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli. Nozeli iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli haiwezi kuyafanya ukungu mwembamba yakiwa ya baridi. Hutoka kama matone. Tone haliwaki lote. Linalobaki hugeuka makaa kwenye ncha ya nozeli, ringi za pistoni hunata kwenye mifereji yake, na mafuta mengine huteremka kuchanganyika na oili ya injini hadi oili inakuwa nzito kama ulimbo.

Ubaya wake ni kwamba hayo yote hayaonekani siku ya kwanza. Injini huwaka, husaga, moshi wake hunukia chakula, na wageni waalikwa hupiga makofi. Madhara huja baada ya mamia ya saa za kazi, wakati aliyeleta mradi amekwisha kuondoka na gari lake. Tunawaonya wasomaji wetu: jaribio la nusu siku uwanjani si ushahidi. Ushahidi ni injini iliyofanya kazi msimu mzima kisha ikafunguliwa mbele ya watu.

Aina ya injini nayo ina maana kubwa. Ziko injini ambazo mafuta hunyunyiziwa kwanza katika chumba kidogo kichwani mwa silinda, yakaanza kuwaka humo ndipo yakaingia juu ya pistoni. Hizi huvumilia mafuta mazito. Ziko nyingine ambazo hunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni. Hizi hula dizeli kidogo zaidi, lakini ni nyepesi kuharibika kwa mafuta ya mimea.

Injini za zamani za Lister, zilizoanza kuundwa Dursley, Uingereza, karibu mwaka 1930, zilikuwa za mwendo wa polepole, mizunguko 650 kwa dakika, na zilijijengea sifa ya kuvumilia karibu kila aina ya mafuta. Lakini anayenunua leo injini iliyoigizwa kutoka Rajkot, India, au injini ya silinda moja kutoka China, asidhani kwamba sifa hiyo imeuzwa pamoja nayo. Zinafanana kwa sura, na ndani hutofautiana. Muuzaji aulizwe, naye ajibu kwa maandishi.

Mwenye injini inayofaa bado ana kazi ya kuyaandaa mafuta. Yakishakamuliwa huachwa yatulie siku kadhaa hadi tope lishuke, kisha huchujwa kwa chujio laini sana, hadi mikroni 5 hivi. Maji yasiwemo hata kidogo. Injini huwashwa kwa dizeli hadi ipate moto, ndipo mafuta ya mimea hufunguliwa yakiwa yamepashwa joto, kwa mfano kwa kuzungushia bomba lake kwenye bomba la moshi. Yakifika nyuzi 80 au 90, unene wake hukaribia ule wa dizeli. Kabla ya kuzima, injini hurudishwa kwenye dizeli ili nozeli isilale na mafuta mazito. Na oili ya injini hubadilishwa mapema kuliko kawaida.

Ipo njia nyingine, ya kuyapika mafuta kwa methanoli na magadi makali ili yawe biodizeli, ambayo haihitaji kupashwa joto wala matangi mawili. Kitaalamu ni njia nzuri. Lakini methanoli ni sumu inayoweza kupofusha na kuua, tena huagizwa kutoka nje kama dizeli yenyewe. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye wataalamu, na hatumshauri mtu aifanyie uani kwake.

Sasa tujiulize kwa nini, pamoja na elimu hii kuwapo, mafuta ya mimea hayakushika nchini.

Kwa mtazamo wetu, ni kwa sababu tulianzia mwisho. Katikati ya miaka ya 2000, bei ya mafuta duniani ilipopanda na Ulaya ikatafuta mafuta ya kuchanganya kwenye magari yake, mazungumzo yote yalikuwa ya ardhi. Kampuni za nje zilikuja kuomba maelfu ya hekta. Wilayani Kisarawe, Sun Biofuels ilipewa takriban hekta 8,200 zilizohusu vijiji zaidi ya kumi. Wilayani Kilwa, BioShape ya Uholanzi ilipata takriban hekta 34,000 na ilikusudia kufikia 81,000. Mwaka 2009 Serikali ilisitisha kugawa maeneo mapya kwa miradi ya namna hiyo, na mwaka 2010 ikatoa mwongozo wa nishati ya mimea. Lakini BioShape ilikwisha kusimamisha kazi ikafilisika mwaka 2010, na Sun Biofuels ikaanguka mwaka 2011. Wanakijiji waliotoa ardhi wakabaki wakidai ajira, visima na fidia walizoahidiwa.

Historia hii haikuwa ngeni kwetu. Kongwa na Nachingwea ziliona mpango wa karanga wa Waingereza kati ya mwaka 1947 na 1951: matrekta mengi, mamilioni ya pauni, na karanga kidogo. Mara zote mbili, aliyepanga alikuwa na ramani ya ardhi mkononi, lakini hakuwa na mkulima wala mtumiaji wa karibu.

Mbono kaburi nao ulisifiwa kupita kiasi. Ilisemwa kwamba unastawi penye ukame na ardhi mbovu, na kwamba mavuno ni tani nyingi kwa hekta. Ni kweli kwamba haufi kirahisi, na ndiyo maana wazee wetu waliupanda makaburini na kwenye mipaka. Lakini mti kutokufa ni jambo moja, na mti kuzaa ni jambo jingine. Penye ardhi mbovu na mvua haba, huzaa kidogo kama mti mwingine wowote.

Walikuwapo walioanzia mahali sahihi. Shirika la TaTEDO lilifunga Engaruka, wilayani Monduli, mtambo wenye injini ndogo ya dizeli iliyokusudiwa kutumia mafuta ya mbono, ikiunganishwa na mashine za kazi na jenereta ya kuwashia taa. Kampuni ya KAKUTE ya Arusha ilifanya kazi na wanawake wa Monduli kupanda mbono na kukamua mafuta. Fundisho moja kubwa lililopatikana huko ni kwamba lita ya mafuta ya mbono ilileta fedha zaidi ikigeuzwa sabuni kuliko ikichomwa kwenye injini. Hilo si jambo la kuficha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tufungue daftari. Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga inayofanya kazi saa nne kwa siku, siku 25 kwa mwezi, na kunywa lita mbili kwa saa. Hiyo ni lita 200 kwa mwezi. Kwa mashine za kukamulia za kijijini, lita moja ya mafuta hutaka kilo tano hivi za mbegu za mbono. Kwa hiyo mashine hiyo moja inahitaji tani moja ya mbegu kila mwezi, au tani 12 kwa mwaka.

Nchini Mali, ambako ua wa mbono umepandwa kwa miaka mingi, makadirio yanayotumika ni kilo 0.8 za mbegu kwa kila mita ya ua kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, tani 12 zinahitaji ua wa kilomita 15. Ni mwingi kwa mtu mmoja. Kwa kaya 150, ni mita 100 kwa kila kaya, kuzunguka shamba ambalo lingehitaji ua hata hivyo ili mifugo isiingie. Hakuna hekta hata moja ya mahindi iliyoguswa.

Upande wa bei, tuseme dizeli ni Sh3,000 kwa lita, na kukamua, kuchuja na matengenezo ya ziada ni Sh500. Inabaki Sh2,500 ya kununulia kilo tano, yaani mwenye mashine hawezi kulipa zaidi ya Sh500 kwa kilo. Mchumaji hupata kilo mbili hadi tatu kwa saa, kwa hiyo atapata kati ya Sh1,000 na Sh1,500 kwa saa. Hesabu hiyo hiyo dizeli ikiwa Sh1,200, na gharama za kukamua zikiwa Sh300, inamwachia mchumaji Sh180 kwa kilo. Hapo haishangazi kwamba watu waliacha mbegu zidondoke.

Hesabu hii inasema mambo mawili. Kwanza, mafuta haya yana maana pale tu dizeli inapokuwa ghali au mbali, na mbegu zinapokuwa karibu. Pili, hayavumilii safari. Mbegu zikishapakiwa kwenye lori kwenda kukamuliwa mkoa mwingine na mafuta yakarudishwa kwa lori, faida imekwisha njiani.

Tunasisitiza pia kwamba mafuta yanayolika yabaki jikoni. Nchi bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje. Mkulima wa Singida anayeuza alizeti kwa mkamuaji atapata zaidi kwenye chupa ya kupikia kuliko kwenye tangi la injini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mbono una faida ya kutokuwa na mashindano hayo kwa kuwa ni sumu. Lakini sumu hiyo hiyo inataka uangalifu: mbegu ziwekwe mbali na watoto, vyombo visichanganywe na vya chakula, na mashudu yake yasipewe mifugo kamwe. Yapelekwe shambani kama mbolea, ambako yanafaa sana.

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa ndani, ipo njia nyingine ambayo haihitaji mbegu. Gesi ya samadi haiwezi kuwaka yenyewe katika mgandamizo wa injini ya dizeli, lakini ikiingizwa pamoja na hewa, na dizeli kidogo ikinyunyizwa kama kiberiti, huwaka vizuri na kuokoa hadi asilimia 70 au zaidi ya dizeli. Gesi hiyo ipitishwe kwanza kwenye chombo chenye vyuma vyenye kutu ili kuondoa gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo hula vyuma vya injini.

Hapa nako daftari linahitajika. Mita moja ya ujazo ya gesi hutoa kazi inayokaribia ya nusu lita ya dizeli, na hutokana na takriban kilo 25 za samadi. Mashine yetu ya lita nane kwa siku ingetaka zaidi ya kilo 250 za samadi kila siku, yaani ng'ombe wa ndani wasiopungua 15. Mtambo wa kaya yenye ng'ombe wawili unatosha jiko. Hautoshi mashine ya kusaga. Shule yenye mifugo, gereza la kilimo au ushirika wa wafugaji wanaweza. Katani Ltd walionyesha Hale, Tanga, mwaka 2008, kwamba hata mabaki ya mkonge yanaweza kutoa gesi ya kuzalisha umeme, pale malighafi inapopatikana kwa wingi mahali pamoja.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati kwa kuwa umeme umefika vijijini. Tunakubaliana nao kwa sehemu. Umeme wa gridi ukifika mlangoni, mwenye mashine anunue mota na asahau habari za mafuta. Pampu ya bustani inayofanya kazi mchana nayo siku hizi inafaa kwa umeme wa jua. Lakini umeme kufika kijijini si kufika kila kitongoji, na hakuna waya unaofuata trekta dogo la mkono shambani, wala boti ziwani. Injini hizi zitakuwa nasi kwa miaka mingi bado.

Kwa hiyo tuna ushauri kwa pande kadhaa.

Shirika la Viwango (TBS) liweke kiwango rahisi cha mafuta ghafi ya mimea ya kutumia kwenye injini: maji kiasi gani, tope kiasi gani, ukali wa tindikali kiasi gani. Ujerumani ina kiwango cha aina hiyo kwa mafuta ya rapa. Bila kiwango, tutarudia yale ya uchakachuaji, ambapo dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa na pampu za wananchi zikasagika, hadi Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kukomesha mchezo huo.

Vyuo vya VETA viwafundishe mafundi wa injini ndogo kupima nozeli, kufunga matangi mawili na kusoma dalili za mafuta yasiyofaa. Fundi wa kijijini ndiye mshauri wa kweli wa mwenye mashine, na kwa sasa mara nyingi anabahatisha.

SIDO na CAMARTEC, ambazo zina uzoefu wa mashine ndogo za kijijini, ziongeze nguvu kwenye machujio. Mashine za kukamulia zimekuwapo tangu zamani, na ile ya mkono ya Bielenberg ilibuniwa Arusha katikati ya miaka ya 1980. Kinachokosekana ni chujio zuri ambalo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulinunua.

Halmashauri nazo, badala ya kusubiri mwekezaji wa hekta elfu kumi, zichague mashine moja au mbili za kusaga zilizo mbali na gridi, zikubaliane na wenyewe, na kuziendesha kwa saa 1,000 kwa mafuta yaliyoandaliwa vizuri. Gharama za kila wiki zibandikwe ukutani. Mwisho injini ifunguliwe, na nozeli, ringi na silinda vionwe na kila mwenye mashine wilayani. Gharama ya jaribio hilo haifiki hata posho za semina chache.

Kwa mwenye mashine, ushauri wetu ni mfupi. Asimimine chochote kwenye tangi lake kwa sababu kimewaka kwa jirani. Ajue injini yake ni ya aina gani, ajue mafuta yake yamechujwa na nani, na aandike kila lita na kila debe. Daftari likionyesha kwamba dizeli ni nafuu, atumie dizeli bila aibu. Likionyesha vinginevyo, basi fedha iliyokuwa ikienda kituo cha mafuta itabaki kwa majirani zake wenye ua wa mbono, nao ndio watakaoirudisha mlangoni kwake wakileta mahindi ya kusaga.